Wakazi Wauliza: Mfereji Huu ni wa Nani?

Tangu mvua zianze, barua za wasomaji wa Kampala na miji inayoizunguka zimerundikana mezani petu, na nyingi zinalalamikia jambo moja kwa maneno tofauti: mkazi amekwenda ofisi ya kwanza akaelekezwa ya pili, na ya pili ikamrudisha ya kwanza. Nimechagua saba na kuzifupisha bila kugusa maana yake. Majina ya waandishi nimeyaacha, kama walivyoomba.

Ndugu Mhariri, ninaishi Bwaise karibu na mfereji mkubwa. Mvua ikinyesha saa moja tu, maji huingia ndani hadi magotini, na mwaka huu nimekwisha kupoteza unga na magodoro mara mbili. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, alisema hilo ni suala la KCCA, mamlaka ya jiji. Ofisa mmoja wa divisheni akasema kalvati iliyoziba iko chini ya barabara kuu, nayo si yao. Je, mfereji huu ni wa nani?
*Muuza chapati, Bwaise*

Pole sana, mama. Hakuna aliyekudanganya, na hapo ndipo penye tabu, kwa sababu maji yanayoingia kwako hupita katika mikono ya watu wasiopungua watatu kabla hayajafika mlangoni.

Mitaro midogo inayopita baina ya nyumba na nyumba husafishwa na wakazi wenyewe wakiitwa na kamati ya LC1, katika ile kazi ya pamoja ambayo Waganda huiita bulungi bwansi. Mifereji mikubwa na barabara za jiji ni wajibu wa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, yaani KCCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010 na kuanza kazi Machi 2011 mahali pa Halmashauri ya Jiji ya zamani. Kwa kuwa Bwaise iko katika Divisheni ya Kawempe, ofisi ya kuanzia ni ya Kawempe. Lakini barabara ya mchepuko wa kaskazini, ile ya kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ni barabara ya taifa. Zamani ilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, na UNRA ilipovunjwa mwishoni mwa mwaka 2024 kazi zake zilirudishwa katika Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Kwa hiyo kalvati iliyo chini ya barabara hiyo ni ya wizara, ijapokuwa takataka zilizoiziba zimeteremka kutoka kwenye mitaro ya jiji.

Kuna na mwenyewe wa nne anayesahauliwa, nalo ni bwawa la Lubigi, yaani kinamasi, ambako maji yenu huelekea. Mabwawa hulindwa na Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, na ndiyo iliyobomoa nyumba zilizojengwa Lubigi mwezi wa Juni 2024. Wengi waliona ukatili tu katika bomoabomoa ile, nami siwezi kusema kwamba ilifanywa kwa upole. Hata hivyo, kila kifusi kinachomwagwa ndani ya bwawa ili mtu apate kiwanja hupunguza nafasi ya maji, na maji yasiyopata nafasi hurudi nyuma kuwatafuta ninyi mliotangulia kukaa. Bwaise ni bonde. Vilima vinavyoizunguka vimejaa mabati na lami, na mvua ambayo zamani ilinywewa na ardhi sasa hushuka yote kwa pamoja ndani ya nusu saa. Mfereji wa Lubigi ulipanuliwa kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia, na upanuzi huo ulisaidia, lakini mfereji mpana uliojaa kavera (mifuko ya plastiki) na chupa za plastiki hauna tofauti na mfereji mwembamba.

Ushauri wangu ni huu. Usipeleke malalamiko matatu kwa mdomo. Andika barua moja na uitolee nakala tatu: moja kwa mkurugenzi wa mji wa Divisheni ya Kawempe, moja kwa wizara, na moja kwa diwani wenu. Taja mahali penyewe kwa alama zinazojulikana, kama vile shule, kituo cha mafuta au msikiti, na taja tarehe za mafuriko yote mawili. Mwenyekiti aigonge muhuri, na wewe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na kila ofisi. Ofisi inayotajwa pamoja na nyingine katika barua moja hupata shida kumrudisha mtu kwa mwenzake. Ikiwa yuko jirani aliyejenga ukuta juu ya mtaro wa kijiji, huyo hahitaji barua ya wizara: Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 inairuhusu mahakama ya LC1 kusikiliza mashauri ya uvunjaji wa sheria ndogo za mahali, na pia madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi milioni 2.

Nimefungua duka la vipuri vya pikipiki Kireka. Nilikwenda Kampala kulipia leseni ya biashara nikaambiwa sitambuliki. Nimeishi Kampala miaka kumi na miwili. Nimefutwa lini?
*Fundi, Kireka*

Hukufutwa, ndugu yangu; hukuwahi kuandikwa. Kireka iko katika Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, na leseni yako hutolewa huko. Kampala kisheria ina divisheni tano tu: ya Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Nje ya hizo, hata kama taksi yako inaandikwa Kampala na simu yako inasema uko Kampala, uko Wakiso, ambayo imeizunguka Kampala karibu pande zote. Bweyogerere na Kyaliwajjala ni Kira. Nansana ni manispaa yenyewe. Bunamwaya iko Makindye-Ssabagabo, na hiyo huwachanganya watu zaidi, kwa kuwa jina la Makindye liko pande zote mbili za mpaka.

Njia rahisi ya kujua uko wapi ni kutazama muhuri wa mwenyekiti wako wa LC1. Kwa kawaida muhuri huo huandikwa kijiji au zoni, parishi, divisheni au kata ndogo, na wilaya. Mimi mwenyewe, nikiwa mwandishi wa safu hii, niliwahi kupanga foleni asubuhi nzima katika ofisi moja nikiwa na malalamiko kuhusu barabara ya kwetu, na karani akanionyesha kwa kidole muhuri uliokuwa juu ya barua yangu mwenyewe. Wilaya ilikuwa nyingine.

Mimi ni mjane. Nyumba ninayoishi Rubaga ilijengwa na marehemu mume wangu, na nyuma yake kuna vyumba vinne ninavyovipangisha kwa shilingi 150,000 kila kimoja kwa mwezi. Nimeletewa ankara ya kodi ya majengo. Jirani anasema nyumba ya kuishi haitozwi. Mwanangu anasema tayari nalipa URA, mamlaka ya mapato ya taifa, kwa hiyo ninatozwa mara mbili. Nani anasema kweli?
*Bibi wa Rubaga*

Shikamoo, bibi. Wote wawili wamesema nusu ya kweli, na sehemu ya mkanganyiko huu ni ya lugha yetu wenyewe, kwa maana Kiswahili hukiita kodi kile anachokulipa mpangaji, kile unachoilipa serikali kuu, na kile unachoulipa mji. Tuvitenganishe.

Kodi ya majengo ni ya mji. Inatokana na Sheria ya Tathmini ya Majengo ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2005, na katika sheria hiyo nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake kama makazi imesamehewa. Hapo jirani yako amesema kweli. Lakini msamaha huo hauvifuati vyumba vya kupangisha (vile ambavyo majirani zako huviita mizigo, ingawa msomaji wa Mombasa atadhani unazungumza juu ya masanduku), hata vikiwa katika kiwanja kimoja na nyumba yako. Kampala hutoza asilimia 6 ya thamani ya tathmini, ambayo huhesabiwa kutokana na kodi ya pango ambayo jengo linaweza kuingiza kwa mwaka, baada ya kuondoa makato yaliyoruhusiwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba vyumba vyako vinne vimetathminiwa kwa shilingi 5,000,000 kwa mwaka: kodi yake itakuwa shilingi 300,000. Basi chukua ankara yako utazame jambo moja kabla ya mengine yote, yaani kama thamani iliyoandikwa ni ya vyumba pekee au imejumuisha na nyumba unayolala. Ikiwa imejumuisha yote, una haki ya kupinga. Nenda divisheni na barua ya mwenyekiti inayothibitisha kwamba unaishi humo, na uombe pingamizi lako liandikwe rasmi, kwa kuwa sheria imeweka mahakama ya tathmini kwa ajili ya kesi za namna hiyo hasa. Usiliache hadi ankara iwe deni.

URA ni jambo jingine. Hiyo hutoza kodi ya mapato ya pango kwa ajili ya serikali kuu, na tangu Julai 2022 mtu binafsi hulipa asilimia 12 ya kile kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kupunguziwa gharama. Vyumba vyako vikijaa mwaka mzima huingiza shilingi 7,200,000. Ukitoa zile 2,820,000 zinabaki 4,380,000, na asilimia 12 yake ni shilingi 525,600. Kwa hiyo mwanao hakukosea kuona kwamba mfuko ni mmoja na mikono inayoingia ni miwili. Alichokosea ni kudhani kwamba risiti ya mkono mmoja huufukuza mwingine.

Hukuuliza, lakini nadhani swali litakalofuata ni kama unaweza kuwaongezea wapangaji ili upate pa kufidia. Waweza, kwa kiasi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka, maana yake chumba cha 150,000 hakiwezi kuvuka 165,000 mwaka huu.

Yaka yangu, mita ya umeme wa kulipia kabla, ina salio la zamani na kampuni iliyokuwepo imeondoka. Je, nitapoteza?
*Mkazi wa Ntinda*

La. Mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme, wa miaka 20, ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na kuanzia tarehe 1 Aprili usambazaji ukawa wa kampuni ya serikali, UEDCL. Mita zilizopo hazikubadilishwa, na vipimo vilivyomo ndani ya mita ni vyako. Kwa kukatika kwa umeme au nguzo iliyoanguka, malalamiko sasa yaende UEDCL, wala si kwenye ofisi ile uliyoizoea iwapo bango lake limeshaondolewa.

Tangu jalala la Kiteezi lilipoporomoka, magari ya takataka hupita kwetu kwa nadra, na kijana mwenye mkokoteni anatutoza kila wiki. Hatujui anazipeleka wapi. Je, sisi ndio wenye makosa?
*Kikundi cha akina mama, Makindye*

Swali hili limenifanya nisite, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kuuliza takataka zinakwenda wapi hadi tarehe 10 Agosti 2024, siku ambayo mlima wa Kiteezi uliporomoka na kuwafukia watu na nyumba zao, wakafa zaidi ya 30. Jalala lile lilikuwa likipokea takataka za jiji tangu miaka ya 1990, nalo, tena kwa kinyume cha wengi wanavyodhani, liko Wakiso na si Kampala. Mwezi uliofuata Rais aliwafukuza kazi viongozi wa juu wa KCCA, akiwemo Mkurugenzi Mtendaji. Jiji limepata ardhi nyingine Buyala, wilaya ya Mpigi, lakini safari ni ndefu kuliko ya Kiteezi, na gari linalokwenda mbali hufanya mizunguko michache kwa siku. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuliona kwa nadra.

Kumlipa kijana wa mkokoteni si kosa. Yanayowahusu ni atakachofanya baadaye, kwa sababu mzigo ukikutwa mferejini na ndani yake mna barua au risiti yenye jina la mmoja wenu, atakayetafutwa ni huyo. Mwulizeni anaumwaga wapi, mmoja wenu amfuate siku moja, na mkubaliane naye mbele ya katibu wa LC1 atakayemwandika. Jambo la pili lina faida zaidi. Sehemu kubwa ya takataka za jikoni za Kampala ni maganda ya ndizi, majani na mabaki ya chakula, na hivyo ndivyo vyenye uzito na harufu. Mkitenga maganda katika gunia lake, wafugaji wa ng'ombe na nguruwe walio karibu huyachukua bila malipo, wengine hata huyanunua, na kinachobaki kwa kijana wa mkokoteni huwa chepesi na cha bei ndogo. Akina mama wa mahali kwingi wameanza hivyo kabla ya ofisi yoyote kuwaambia.

Nilihitaji barua ya LC1 ili nihuishe kitambulisho cha taifa. Mwenyekiti alidai shilingi 10,000, na kijana mmoja nje ya ofisi akadai 50,000 za fomu. Niliambiwa ni bure. Ni ipi?
*Mlinzi wa usiku, Nakawa*

Kuhuisha kitambulisho katika zoezi la NIRA, mamlaka ya vitambulisho, lililoanza Mei 2025 ni bure, na fomu ni bure. Shilingi 50,000 unazozisikia ni ada halali, lakini ni ya mtu aliyepoteza kitambulisho na anataka kingine, nayo hulipwa benki kwa namba ya malipo. Haiwekwi mkononi mwa kijana aliyesimama nje. Huyo usimpe hata mia.

Kuhusu mwenyekiti nina maneno zaidi, na huenda yasimpendeze kila msomaji. Wenyeviti wa LC1 hawana mshahara. Posho yao kutoka serikalini ni shilingi 120,000 kwa mwaka, ambayo haifiki hata shilingi 350 kwa siku. Walichaguliwa Julai 2018, kwa kupanga mistari nyuma ya wagombea, baada ya miaka 17 bila uchaguzi, na muda wao ulipokwisha mwaka 2023 ukaongezwa, kisha ukaongezwa tena. Karatasi, wino na muhuri hununuliwa na mwenyekiti mwenyewe, na usiku wa manane ndiye anayeamshwa wanandoa wakipigana. Hilo halimpi ruhusa ya kukunyima barua kwa sababu huna fedha, na akikunyima peleka lalamiko kwa LC2 ya parishi yenu. Lakini kijiji chenye busara huitisha mkutano, kikakubaliana mchango mdogo wa karatasi unaojulikana na wote, kikaamua nani asitozwe kabisa, na katibu akatoa risiti. Kinachowachoma watu ni kumwona jirani akitozwa 2,000 na wewe 10,000 kwa barua ileile.

Nilizaliwa Kibuli, na nyumbani kwetu tunasema Kiswahili. Katika mkutano wa bajeti wa divisheni nilinyanyua mkono, nikaanza kwa Kiswahili, watu wakacheka wakasema hiyo ni lugha ya askari. Je, ninayo haki ya kukitumia? Na je, mikutano hiyo ina maana yoyote?
*Mwalimu wa madrasa, Makindye*

Waliocheka wamechelewa habari. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, kitumike katika mambo ambayo Bunge litaelekeza kwa sheria, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata serikali ilipotaka jina la mikutano ambayo watumishi wake watasimama mbele ya wananchi na kueleza fedha zimekwenda wapi, mpango ulioanza mwaka 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, iliuita Baraza, na sijamsikia mtu akilicheka neno hilo. Pamoja na hayo, nia yako ni kueleweka. Mwombe mwenyekiti wa kikao mkalimani kabla ya kikao kuanza, au lete hoja yako imeandikwa kwa Kiingereza na uifafanue kwa Kiswahili. Kilichoandikwa ndicho kitakachoingia katika kumbukumbu za kikao, na kisichoingia humo ni kama hakikusemwa.

Kama ina maana, hilo linategemea umekwenda mwezi gani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mabaraza ya mitaa yanatakiwa kupitisha bajeti zao kabla ya Mei kwisha. Mikutano ya kukusanya mahitaji ya wananchi hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, kuanzia Oktoba hivi. Anayesimama mwezi wa Juni kudai taa za barabarani anazungumza juu ya fedha zilizokwisha kugawanywa, na atajibiwa kwa adabu kwamba ombi lake limepokelewa. Ukitaka kuona zilivyogawanywa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa kila raia haki ya kuomba hati hizo kwa maandishi, na ofisi imepewa siku 21 za kukujibu.

Kwa hiyo nimemwandikia mama wa Bwaise nyongeza ya mstari mmoja: barua yake ya mfereji iende sasa ili kalvati izibuliwe, na nakala nyingine aiweke kabatini, aipeleke mkutanoni Oktoba.